Msalaba Juu ya Kichwa cha Yakobo

Ninyi makarani mliopokea kazi yangu mmeniagiza niandike kabla sijasahau. Kwanza mjue kwamba sijasahau kitu. Hapa barazani nilipoketi naweza kuwaambia kwamba picha ya soko la Tabora yenye mama muuza vyungu imo katika sanduku la nane, kwamba kioo chake kina ufa kwenye pembe ya chini, na kwamba ufa huo sikuutia mimi. Nimestaafu kwa sababu macho yamechoka. Kichwa bado kipo kazini.

Wageni wanapoingia katika chumba chetu cha kumbukumbu hapo misheni hushangaa. Hutarajia kukuta picha za maaskofu na vitabu vya ubatizo, nao hukuta wachuuzi, mafundi cherehani, wapagazi wa stesheni na vizee wanaoota jua barabarani. Lawama hiyo, kama ni lawama, ni ya Padre Ludoviko. Alifika Tabora Mjerumani angali anatawala, akamwona akiondoka na Mwingereza akiingia, na muda wote huo alikuwa akizunguka mitaani na kamera yake ya miguu mitatu. Alisema Kanisa lina picha za maaskofu za kutosha, na kwamba siku moja watu watataka kujua nani alikuwa akipita barabarani.

Nilitoka Ziba kuja kwake nikiwa na cheti cha shule ya misheni, mwandiko mzuri na kiburi cha kunitosha mimi na ndugu zangu wote. Nilidhani atanipa kalamu. Akanipa makopo kumi na mawili matupu na debe la mafuta ya taa. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuweka kila mguu wa kila kabati ndani ya kopo, na kila kopo kulitia mafuta, ili mchwa wasipande. Siku hiyo ya kwanza ya ukarani wangu sikuandika hata herufi moja, na jioni nilinuka kama taa iliyovuja. Lakini angalieni makabati yale. Ofisi nyingine za mji huu zimeliwa mafaili mpaka kamba za kufungia, na sisi hatujapoteza karatasi. Makopo hayo yajazwe kila Jumatatu. Msimwachie mfagiaji.

Jambo la pili nililofundishwa ni majina. Padre hakukubali picha isiyo na majina. Akishasafisha picha, alikuwa akiweka juu yake karatasi nyembamba inayopenyeza mwanga, anachora duara pale penye kila kichwa na kutia namba. Kesho yake tunarudi mtaa ule ule, picha mkononi, kuuliza nani ni nani. Kazi hiyo ilikuwa na utamu wake. Watu walikuwa wakigombana juu ya majirani zao wenyewe. Mwanamume mmoja alikana kuwa namba tatu ni yeye, kwa kuwa namba tatu alikuwa amesimama mlangoni kwa mwanamke ambaye hakupaswa kuwa karibu naye. Tuliandika jina lake hivyo hivyo.

Kazi ya tatu ndiyo iliyonifunza adabu, nayo ni tanzia. Gazeti la Kiswahili lilikuja kwa treni kutoka Dar es Salaam. Nililisoma lote, nikakata kila tangazo la kifo cha mtu wa Tabora au wa vijiji vya karibu, nikalibandika kwenye kadi. Kisha natafuta kama marehemu yumo katika picha zetu. Nikimpata, na akiwa Mkristo, namchorea msalaba mdogo wa wino mweusi juu ya kichwa, mdogo kama punje ya ulezi. Akiwa Mwislamu namwekea nukta. Mwishowe naandika kipande cha karatasi kwa Padre, ambaye wakati huo alikuwa paroko pia, naye anaingiza jina katika kitabu cha wafu na kumsomea misa.

Sheria ya Padre ilikuwa hii: unapokata gazeti, acha ukingo wa upana wa kidole pande zote nne. Mimi niliiona sheria hiyo ni uharibifu wa kadi. Nilikuwa na mkono thabiti, na nilijisifu kwamba ninaweza kukata tangazo kwa kufuata mstari wenyewe bila kuugusa. Padre alinionya mara mbili. Nilimwitikia kwa heshima, na alipotoka nikaendelea kukata nitakavyo.

Mabaki ya magazeti hatukuyatupa. Tulimpelekea Mzee Feruzi, fundi wa kujalidi vitabu, Mwislamu mzaliwa wa mji, ambaye duka lake lilikuwa nyuma ya soko. Yeye aliyabandika tabaka juu ya tabaka mpaka yakawa magumu kama ubao, akayavika ngozi, nayo yakawa majalada ya albamu zetu. Gundi aliipika mwenyewe kwa unga wa muhogo, akatia mrututu kidogo, ile dawa ya buluu, ili mende wakila wajute. Mzee huyu ndiye mwalimu wangu wa pili. Baba yake alikuwa pagazi wa misafara, aliyetembea na mzigo wa pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo zaidi ya mara moja, na Feruzi aliyajua majina ya vituo vyote vya njiani kama anavyojua vidole vyake.

Sasa nije kwa Yakobo Mihambo. Wakubwa zenu waliwahi kuwasimulia habari hii, lakini waliisimulia kwa kunihurumia. Nitaisema ilivyokuwa.

Yakobo alikuwa mtu wa Itetemia, hapa karibu na mji. Alikuwa akileta asali kutoka Sikonge kwa baiskeli, debe moja huku na jingine kule, na miguu yake ilikuwa mirefu mpaka magoti yakawa yanagonga usukani. Padre alimpiga picha mbele ya soko, anacheka, watu wamemzunguka, mama mmoja wa vitumbua akiwa kati yao. Picha hiyo naijua sana kwa sababu nami nimo. Nilikuwa nimebeba miguu ya kamera nikachelewa kutoka njiani, basi nimeganda pembeni, namba tano, kofia mkononi. Baada ya vita vya pili Yakobo alikwenda Morogoro kwenye mashamba ya mkonge. Alimwacha mkewe, Veronika Kalunde. Ikapita miaka mitano bila barua.

Ndipo gazeti likaja na tanzia. Kadi yake ipo, mtaiona. Inasema ndugu na jamaa walioko Tabora wanaarifiwa kwa masikitiko kwamba Yakobo Mihambo wa Itetemia, mpanda baiskeli mashuhuri, mwenye miguu mirefu na moyo mpole, amefariki dunia ghafla hapa Morogoro akiwa ameketi mbele ya chakula, na kwamba amezikwa na rafiki zake kwa kuwa ndugu zake hawakuwa karibu. Nilisikitika. Nilikata kwa kufuata mstari, nikabandika, nikachora msalaba juu ya namba mbili, nikaandika kipande. Padre akasoma misa. Veronika akanyoa nywele, na Itetemia wakakaa matanga siku zao zote.

Mwaka mmoja na miezi kadhaa baadaye Tomasi, fundi mwashi, mtu mpole asiye na maneno mengi, alimposa Veronika. Padre aliniita akaniuliza kama nina hakika na kifo cha mume wa kwanza. Nilimletea kadi. Nakumbuka nilivyoiweka mezani, kwa mkono wa mtu ambaye hajawahi kukosea. Ndoa ikatangazwa kanisani Jumapili ya kwanza, ikatangazwa ya pili. Bado ya tatu.

Jumamosi, siku moja kabla ya tangazo la tatu, nilikwenda kwa Mzee Feruzi na kadi za tanzia, kwa kuwa nilitaka anitengenezee kasha la kuzihifadhi. Alivaa miwani yake yenye uzi, akawa anazisoma moja moja na kusema "Innalillahi" kila mara. Alipofika kwa Yakobo aliisogeza kadi karibu na macho. Akasoma tena. Kisha akacheka mpaka miwani ikashuka puani. Niliudhika, nikamwambia huyo ni marehemu.

"Amefia mbele ya chakula," akasema, akijifuta macho. "Mnyamwezi, kule Uluguru, amefia mbele ya chakula, na waliomzika ni rafiki zake. Karani, mtani wako anakuzika, na wewe unamshikia jembe?"

Utani niliujua tangu utotoni. Babu yangu naye alikuwa pagazi, na kwetu Ziba alipofariki mtu mkubwa watani walifika wakalala mahali pake, wakadai nguo zake, wakazuia kaburi lisifukiwe mpaka wapewe kitu, na wafiwa wakacheka katikati ya kilio. Waluguru na Wazaramo ni watani zetu tangu siku za misafara. Mambo haya yote niliyajua. Lakini nilipoingia ofisini niliyaacha mlangoni pamoja na viatu, na nikawa nasoma gazeti kwa macho ya karani tu.

Nilijaribu kujitetea. Nilimwambia hakuna mtu atakayemzika mtu hai gazetini.

"Wazee wetu walipopita kule na mizigo, wakifa njiani walizikwa na nani?" akauliza Mzee Feruzi. "Si na hao hao? Ndiyo maana wana ruhusa ya kutuzika hata tukiwa hai. Lakini mtani haachi utani wake bila mkia. Mkia wa habari hii uko wapi?"

Aliigeuza kadi. Akaonyesha kwa ukucha mwisho wa tangazo, mahali ambapo mkasi wangu ulipita kwa ustadi wote ule. Sentensi ya mwisho haikuwa na nukta. Tangazo lilifika chini ya safu ya gazeti, na kilichobaki kilikuwa kimepanda juu ya safu inayofuata. Ningetafuta upana wa kidole chini yake, ningeona kwamba safu imekwisha kabla ya maneno kwisha. Nilikata mtu katikati.

Gazeti lenyewe lilikuwa wapi? Lilikuwa ndani ya jalada. Mzee Feruzi alihesabu kwa vidole, akasema magazeti ya msimu ule aliyatia katika albamu nne, na zote nne ziko kwetu. Nilizileta kwa baiskeli. Alichukua kisu chake, akachana ngozi ya kazi aliyoifanya kwa wiki nzima, tena ngozi ya mbuzi iliyopigwa chapa vizuri, akalitumbukiza jalada la kwanza katika beseni la maji ya uvuguvugu. Gundi ya muhogo huachia polepole. Ukivuta kwa haraka karatasi inakuwa uji. Muda wa adhuhuri ulipofika alinawa, akaenda msikitini, akaniacha nalinda beseni. Sijawahi kuona sala ndefu namna ile, ingawa najua ilikuwa ya kawaida.

Nilikuwa natafuta gazeti lenye dirisha, maana nilipokata tanzia niliacha tundu. Jalada la kwanza halikuwa nalo, wala la pili. Katika la tatu, karatasi ya saba, tuliliona dirisha, kingo zake zimenyooka kabisa. Ule unyoofu niliokuwa nikijivunia ulinitia haya. Mzee Feruzi aliilaza karatasi juu ya kioo, akaipangusa kwa kitambaa. Juu ya safu ya pembeni kulikuwa na mistari miwili, na aliisoma kwa sauti: "na asiponirudishia koti langu la kaki kabla ya Jumamosi nitamzika tena. Mimi mtani wake, Shabani." Chini yake, kwa herufi ndogo, ilionekana kwamba ukurasa ule ulikuwa wa barua za wasomaji.

Mzee Feruzi hakucheka tena. Aliniambia nipande baiskeli niende Itetemia kabla ya kwenda kwa Padre, kwa sababu mwenye shida ni yule mama.

Nilimkuta Veronika anapaka ukuta udongo mweupe. Nyumba ilikuwa ikitengenezwa kwa ajili ya harusi. Tomasi alikuwa mlangoni anasimika fremu mpya, mwiko mkononi. Nilimwamkia Veronika kwa lugha ya nyumbani, "Mwangaluka," ingawa asubuhi ilikuwa imepita zamani, na kwa hilo peke yake akajua kwamba sina habari njema. Nilieleza kila kitu nikiwa nimesimama. Nilisema kosa ni langu, si la gazeti wala la Shabani, na kwamba Yakobo huenda yu hai.

Aliendelea kupaka ukuta mpaka nilipomaliza. Kisha akaniangalia, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko.

"Nimeshamlia, karani," akasema. "Machozi yale utayarudisha wapi?"

Tomasi aliweka mwiko chini, akanawa mikono taratibu katika ndoo, akajifuta, akamuaga Veronika kwa kichwa tu. Alipopita karibu nami hakuniangalia. Fremu ya mlango aliiacha imesimama sawasawa, kwa kuwa alikuwa fundi kwelikweli.

Padre Ludoviko hakunikaripia. Alisikiliza, akaangalia ile karatasi mbichi, akaniambia kwamba kesho, pale ambapo tangazo la tatu lingesomwa, nitasimama mimi. Basi nilisimama. Kanisa lilikuwa limejaa. Niliwaambia waumini kwamba ndoa imesimamishwa kwa sababu ya uzembe wa karani wa kumbukumbu, na karani huyo ni mimi, Kasmiri. Ninyi mnaonijua mtakubali kwamba maneno hayo hayakunitoka kwa urahisi. Nilirudi kuketi, na mzee mmoja wa Itetemia akanisogezea nafasi kwenye benchi. Nilimshukuru moyoni, na bado namshukuru.

Padre alipeleka simu ya maandishi kwa wenzake wa Morogoro. Baada ya siku tisa jibu likaja: Yakobo Mihambo yu hai, ana afya, na koti amekwisha kulirudisha. Wiki tatu baadaye alishuka stesheni ya Tabora. Hakuwa ameandika barua, alisema, kwa sababu aliona aibu kurudi mikono mitupu, na aibu ikizidi mwaka mmoja huzaa ya mwaka wa pili. Ule utani wa gazetini aliucheka pamoja na Shabani. Hakuwaza kwamba kuna mtu Tabora anayekata magazeti.

Veronika alikwenda kumpokea, lakini hakumpeleka nyumbani. Alimleta moja kwa moja ofisini kwangu, mfuko wake ungali begani. "Tumsifu Yesu Kristo," akasema mlangoni. Nilipojibu "Milele, amina," akaongeza neno moja tu: "Muonyeshe."

Nilitoa picha. Yakobo aliinama juu yake muda mrefu. Alijiona anavyocheka na baiskeli yake na madebe yake, na juu ya kichwa chake ule msalaba mdogo mweusi. Nilikuwa nimekwisha chukua wembe. Wino ule unakwanguka ukiwa na subira, na nilimwambia nitauondoa mbele yake.

"Usikwangue," akasema Veronika. "Ukae hapo hapo. Siku akitaka tena kwenda mahali bila barua, aje kwanza ajitazame."

Yakobo aliichukua kofia yake, akamfuata mkewe nje, hatua mbili nyuma. Itetemia wanasema alilala wiki mbili kwa ndugu yake kabla ya kuruhusiwa kupita katika ule mlango mpya. Tomasi alihamia Urambo, akapata kazi nyingi ya matofali, akaoa huko. Tulipokutana stesheni miaka kadhaa baadaye nilimsalimia, naye akageuka. Sikumlaumu. Kwa mkasi wangu nilimchukulia mtu aliyempenda, na kusema samahani kanisani hakukumrudishia.

Tangu siku hiyo nilikata kwa upana wa vidole viwili. Nilimpa Mzee Feruzi ngozi nne za mbuzi kutoka Ziba kufidia majalada, akazipokea na kuniambia kwamba mwenye kiburi humpatia fundi kazi nzuri. Majalada mapya ndiyo hayo mnayoyashika kila siku. Ile karatasi yenye dirisha tuliikausha, tukaibandika pamoja na kadi, na mistari miwili ikarudi mahali pake.

Yakobo alifariki kweli mwaka jana, nyumbani kwake, kitandani, Veronika amemshika mkono. Nilikwenda kuzika. Alikuwapo pia mzee mmoja wa Kiluguru aliyekuja kwa treni usiku kucha, na kabla watu hawajaanza kufukia alishuka ndani ya kaburi, akajilaza, akasema hatoki mpaka apewe koti. Veronika alicheka, akalia, akacheka tena. Alikuwa amelileta lile koti la mwisho la marehemu, amelikunja vizuri chini ya kanga yake, akampa.

Kesho yake nilirudi ofisini kwa siku zangu za mwisho mwisho. Nilitoa ile picha, nikachovya kalamu kwa mazoea, nikajikuta sina la kuchora. Nilipangusa wino, nikairudisha picha sandukuni. Nililia kidogo, na sioni haya kuwaambia.

Nawaachia makopo, mkasi, gundi na majina. Katika picha hiyo waliobaki hai ni wawili, yule mama wa vitumbua na mimi, namba tano, kofia mkononi. Tanzia yangu itakapokuja, kabla hamjalowesha kalamu, someni mpaka juu ya safu ya pili. Nami pia nina watani Morogoro.